UZI: Hermann Hesse, kijana aliyetoroka seminari akaishia kupiga tupa kwenye karakana ya saa

#1 Mtunza_Kabati (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Juzi kwenye uzi wa vitabu kuna mdau aliuliza kama huyu Hermann Hesse ni Mhindi au Mjerumani, maana kila akishika kitabu chake anakutana na watawa wa Kihindi. Nikaahidi kumjibu. Ahadi ni deni, nimekuja kulipa.

Sitagusa sana Nobel yake ya 1946 wala vitabu vya uzeeni. Nataka tukae kwenye miaka 22 ya mwanzo. Huyu bwana karibu kila alichokuja kuandika alikuwa ameshakipitia kabla ndevu hazijamkaa sawasawa.

Niseme mapema msimamo wangu ili mje kunipinga vizuri. Wazazi wake hawakuwa watu wabaya. Ukisoma maisha ya waandishi unajiandaa kukutana na baba mlevi au mama aliyekimbia nyumba. Hapa hayupo. Walikuwa watu wa sala, wasomi, wapole, waliompenda mtoto wao, na nusura wampoteze kwa upendo huohuo.

#2 Kahawa_Chungu

Nimetandika mkeka. Shusha mkuu.

#3 Mtunza_Kabati

Tuanze. Hesse alizaliwa tarehe 2 Julai 1877 katika mji mdogo wa Calw, kando ya mto Nagold, kwenye Msitu Mweusi. Siku hizo eneo hilo lilikuwa ufalme wa Württemberg, ndani ya dola mpya ya Ujerumani.

Baba yake, Johannes, alikuwa mtoto wa daktari kutoka Estonia, na Estonia ilikuwa chini ya Urusi. Kwa hiyo mtoto naye akazaliwa raia wa Urusi. Mama, Marie, alizaliwa Talatscheri, pwani ya Malabar huko India, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamisionari. Johannes mwenyewe alipelekwa Malabar na Misheni ya Basel, afya ikamkatalia, akarudishwa Ulaya. Wakampangia kazi Calw, kumsaidia mzee mmoja aliyesimamia shirika la kuchapa vitabu vya dini. Mzee huyo alikuwa na binti mjane mwenye watoto wawili wa kiume. Mnajua kilichofuata. Walifunga ndoa 1874.

Sasa huyo mzee ndiye wa kumshika: Hermann Gundert, babu yake Hesse mzaa mama. Alikwenda India 1836, akarudi 1859, na katika miaka hiyo aliimeza lugha ya Kimalayalam kiasi cha kuiandikia sarufi na kamusi kubwa iliyotoka 1872. Watu wa Kerala wanamuenzi mpaka leo. Nyumbani kwake Calw palikuwa na vitabu vya lugha chungu nzima, wageni kutoka nchi za mbali, na kabati la vioo lenye sanamu na vitu vya India. Mjukuu alikuwa akilikodolea macho lile kabati kuliko Biblia aliyowekewa mbele. Jina langu humu nimelitoa hapo, kwa wale mliowahi kuniuliza inbox.

Kwa hiyo mdau wa juzi: Mjerumani, lakini India ilimfuata kitandani.

#4 Mswahili_wa_Rabai

Mkuu nikukatishe kidogo. Umesema Misheni ya Basel na Württemberg, kengele ikanilia. Johann Ludwig Krapf si ndiye wa hukohuko?

#5 Mtunza_Kabati

Ndiye. Krapf alizaliwa 1810 Derendingen, kijiji kilichokuwa jirani kabisa na Tübingen, na alipata mafunzo Basel. Mombasa alifika 1844, akazika mke na mtoto mchanga mwaka uleule, na 1846 akiwa na mmisionari mwenzake Rebmann wakafungua kituo cha Rabai. Rebmann naye ni Mwürttemberg, wa Gerlingen. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa kwao Korntal.

Weka kamusi hizo mbili mezani, ya Gundert ya Kimalayalam na ya Krapf ya Kiswahili. Zimetoka kwenye chungu kimoja. Ni watu wa uamsho wa kilutheri wanaoitwa Wapietisti. Sisi tungewaita walokole wa enzi hizo, ila walokole wenye Kigiriki, Kiebrania na nidhamu ya jeshi. Katika nyumba kama hiyo, kujifunza lugha ya watu wa mbali ni sala, na kulala saa moja zaidi asubuhi ni dhambi.

Humo ndimo akaangukia mtoto mbishi. Mwaka 1881 familia ilihamia Basel, Uswisi, na mama yake tayari alikuwa anamwandikia mumewe barua kuhusu kijana huyu wa miaka 4, kwamba ana nguvu za jitu, utashi wa ajabu na akili inayotisha. Baada ya miaka miwili baba naye akaandika kwamba, pamoja na aibu yote, anafikiria kumtoa nyumbani ampeleke kwenye taasisi au kwa watu wengine, kwa sababu wao ni dhaifu mno wa neva kumlea. Hermann ana miaka 6! Na kweli wakamweka bweni kwenye nyumba ya wavulana ya misheni, mjini humohumo, nyumbani akawa anakuja Jumapili.

Mnaona? Hakuna kiboko cha ajabu hapo. Kuna wazazi wawili wanaopiga magoti kumwombea mtoto ageuke mtu mwingine.

#6 Baba_Wanne

Mimi nina wanne na mmoja wao ni huyo Hermann. Msimhukumu mzee Johannes haraka. Endelea.

#7 Mtunza_Kabati

Mwaka 1886 walirudi Calw. Shule ya Kilatini, viboko, Kilatini tena. Baadaye aliandika kwamba tangu umri wa miaka 13 jambo moja lilikuwa wazi kwake: ama awe mshairi, ama asiwe kitu kabisa. Shida ni kwamba kila kazi ina shule yake. Kuna shule ya uchungaji, ya ualimu, ya ufundi, ila ya ushairi hakuna. Tena mshairi akishakufa anaheshimiwa, akiwa bado anajaribu anachekwa.

Mwaka 1890 akapelekwa Göppingen kwa mwalimu mzee, Rektor Bauer, kunolewa kwa ajili ya mtihani wa taifa wa Württemberg, Landexamen. Mtihani huu ulichuja vijana wachache wa kusomeshwa bure: kwanza seminari, kisha chuo kikuu cha Tübingen, ukitoka hapo ni mchungaji au mwalimu. Kwa familia isiyo na hela, ndiyo njia. Ila mtihani ulikuwa wa raia wa Württemberg tu, na wakati huo familia ilikuwa na uraia wa Uswisi. Wakambadilishia uraia yeye peke yake. Mtoto wa miaka 13 alikuwa ameshakuwa Mrusi, Mswisi na Mwürttemberg. Akafanya mtihani Julai 1891. Akafaulu.

#8 Mwalimu_Mstaafu

Wajukuu zangu, hii hadithi naijua bila kwenda Ujerumani. Nimefundisha miaka 34. Zamani mtoto wa kijijini akichaguliwa kwenda sekondari ya serikali, kijiji kizima kinachangia sanduku la bati. Yule mtoto haendi shule peke yake, anabeba kijiji kichwani. Nimewaona waliobeba wakafika, na nimewaona waliokatika shingo njiani. Hatukuwa na jina la ugonjwa huo. Tulisema "amerogwa."

#9 Mtunza_Kabati

Shikamoo mwalimu. Hapo hapo.

Seminari aliyopelekwa Septemba 1891 ni Maulbronn. Hii si shule ya kuchezea. Ni monasteri iliyojengwa na watawa wa Kisistersiani tangu 1147, ikageuzwa shule ya Kiprotestanti baada ya Matengenezo ya Kanisa yale ya Luther. Kepler, mwanaastronomia mkubwa, alisoma humo. Mshairi Hölderlin alisoma humo. Na babu Gundert alisoma humo! Mabweni yana majina, Hermann alilala "Hellas". Barua zake za miezi ya mwanzo ni za kijana mwenye furaha, anatafsiri Homer, yule mshairi wa Kigiriki cha kale, anawasimulia wazazi kuhusu wenzake.

Halafu tarehe 7 Machi 1892, baada ya chakula cha mchana, akatoka akaenda zake. Hana koti, hana pesa, ana vitabu vya shule. Usiku ule alilala nje kwenye baridi iliyoshuka chini ya sifuri. Baada ya saa 23 hivi askari akamrudisha. Hakuwahi kutoa sababu inayoeleweka. Adhabu ilikuwa saa 8 za kufungiwa. Wenzake wakaanza kumkwepa, na mwezi Mei wazazi wakamtoa.

#10 Baba_Wanne

Sasa hapo ndipo ninapogomba. Nafasi ya kusomeshwa bure mpaka chuo kikuu, vijana wengine wanaililia, yeye anatembea tu kama anaenda dukani? Njaa hakuwa nayo. Tusimpambe kwa kuwa alikuja kupata Nobel. Angeishia kuwa mlevi wa Calw leo tungekuwa tunasema mtoto hakusikia la mkuu.

#11 Kanzu_Nyeupe

Mkuu, mimi nimekaa seminari miaka mitatu, shule siitaji, wengine tulikuwa nao humu. Nilitoroka kidato cha tatu, saa tisa usiku, kupitia shamba la migomba. Ukiniuliza leo kwa nini, sina jibu. Sikuchapwa siku hiyo. Chakula kilikuwa kizuri kuliko cha nyumbani. Nilikuwa nimelala, nikaamka, nikaona kwamba kila saa ya maisha yangu mpaka kifo imeshaandikwa ukutani kwenye ratiba. Nikavaa viatu.

Mama alilia wiki nzima. Baba hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma. Kwa hiyo ninaposoma hizo saa 23 simwoni mvivu.

#12 Kahawa_Chungu

Kanzu_Nyeupe umeninyamazisha na nilikuwa na utani mzuri tayari.

#13 Mtunza_Kabati

Asante kaka. Tuendelee, sehemu hii ni nzito, nitaipitisha haraka.

Wazazi wakampeleka Bad Boll kwa mchungaji Christoph Blumhardt, aliyesifika kwa maombezi. Waliamini tatizo ni la kiroho. Huko kijana wa miaka 14, karibu 15, akampenda dada aliyemzidi miaka kadhaa, akakataliwa, na Juni 1892 akajaribu kujiua. Ndani ya siku chache akahamishiwa Stetten, taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili na kifafa. Akawa analima bustani na kuwafundisha wenzake kusoma.

Kutoka Stetten akamwandikia baba yake barua Septemba ile. Haianzi "Baba mpendwa". Inaanza "Mheshimiwa Bwana", kama mtu anayeandikia ofisi ya kodi. Na mwishoni akaisaini kama mfungwa. Fikirieni mtoto wa mlokole anayemvua baba yake ubaba kwa maneno mawili ya adabu! Mimi katika yote aliyoandika utotoni naona hapo ndipo mwandishi alipozaliwa. Hasira ya kawaida inatukana. Hii imechagua neno.

Baba_Wanne, nakukubalia jambo moja: mzee Johannes hakuichoma ile barua. Familia ilizitunza barua zake, ndiyo maana leo tunazo.

Na katika ukoo mzima, nani alimwelewa? Babu. Alipotoka Maulbronn alipelekwa kusalimia, akaingia kwa mzee Gundert akitetemeka, anasubiri kuungurumiwa. Mzee akamtazama, akatabasamu, akasema amesikia kwamba amefanya "kasafari ka magwiji". Ndivyo wanafunzi wa zamani walivyowaita watoro wa aina hiyo. Basi. Hesse aliisimulia siku hiyo mpaka uzeeni. Gundert alifariki Aprili 1893.

#14 Mswahili_wa_Rabai

Babu amesoma shule ileile na anajua kuta zake. Haya mambo wajukuu hawayajui.

#15 Mtunza_Kabati

Baada ya hapo akajaribiwa shule nyingine, Cannstatt, karibu na Stuttgart. Akafaulu mtihani wa 1893 kisha akagoma kuendelea. Wakamtafutia nafasi ya mwanagenzi duka la vitabu Esslingen. Siku tatu, akatoweka! Akarudi nyumbani, akakaa miezi akisoma maktaba ya babu yake aliyekufa, fasihi ya karne ya 18, falsafa, Goethe yule mshairi mkuu wa Kijerumani, mpaka macho yakauma. Shule aliyoikataa aliisoma mwenyewe kwenye chumba cha marehemu.

Juni 1894 ndipo inakuja karakana. Heinrich Perrot wa Calw alitengeneza saa za minara ya makanisa. Mjukuu wa Gundert, kijana wa Homer, akavaa aproni, akasimama kwenye jiriwa na tupa, siku nzima, kwa zaidi ya mwaka. Mjini wakamcheka. Wakati mwingine aliota kuhamia Brazil. Lakini kitu kikatulia. Wakati huo hakuna aliyemwomba ageuke, chuma hakina maoni juu ya roho yako.

#16 Fundi_Tupa

Naomba nizungumze kama mtu wa kazi hiyo. Wanagenzi wangu nawaanzisha na tupa. Unampa kipande cha chuma, unamwambia kifanye kiwe bapa. Anapiga asubuhi mpaka jioni, akipima kimepinda. Wiki ya kwanza analia, wiki ya tatu anachukia, mwezi wa pili ghafla mkono unasikia. Hakuna ujanja wa mdomo pale, huwezi kumdanganya skwea. Watoto wasumbufu wa shule ndio wananyooka haraka, sijui kwa nini. Kwa hiyo sishangai. Alipata pesa?

#17 Mtunza_Kabati

Fundi, umeandika vizuri kuliko mimi. Pesa hakuna ya maana, ila alipata muda wa kichwa kupoa. Septemba 1895 akaondoka mwenyewe, safari hii bila kutoroka, na tarehe 17 Oktoba akaanza uanagenzi duka la vitabu la Heckenhauer, Tübingen. Safari hii akakaa mpaka akamaliza.

Ona utani wa maisha. Tübingen ndiko seminari ingemfikisha kama mwanafunzi. Akafika kama kijana wa kufunga vifurushi, akipanga rafuni vitabu vya theolojia ambavyo wenzake wa Maulbronn walikuja kuvinunua. Kazi saa 12 kwa siku. Usiku na Jumapili, chumbani, Goethe na washairi wa Kiromantiki. Na ng'ambo kidogo tu ni Derendingen ya Krapf.

Mwaka 1899 akatoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi, "Romantische Lieder". Alichangia marki 175 za uchapaji kutoka mfukoni. Nakala 600. Mwanzoni ziliuzwa 54 tu.

#18 Kahawa_Chungu

54! Mimi mashairi yangu ya WhatsApp yanasomwa na 61.

#19 Mtunza_Kabati

Na wewe utapata yako.

Kilichomuuma si nakala 54. Ni mama. Marie alikuwa mwandishi mzuri wa barua na mashairi ya dini, kalamu ya Hermann ilitoka upande huo. Aliposoma aliyoandika mwanawe hakufurahi: mapenzi mengi, Mungu kidogo. Alimtaka aimbe yaliyo juu. Alifariki Aprili 1902, na Hermann hakwenda mazishini. Miaka miwili baadaye, 1904, "Peter Camenzind" ikampa jina Ujerumani nzima na akaweza kuishi kwa kalamu. Mama hakuiona.

#20 Dada_wa_Stuttgart

Habari zenu kutoka huku. Mimi nimewahi kwenda Calw kwa ajili ya huyu bwana tu. Ni mji wa bondeni, nyumba zina mbao za kuvukana zinazoonekana kwa nje, mto unapita katikati. Kuna daraja la mawe la zamani lenye kikanisa kidogo juu yake, Nikolausbrücke. Yeye mwenyewe aliandika kwamba hapo ndipo anapapenda kuliko kokote mjini, na uwanja wa kanisa kuu la Florence si kitu mbele yake. Siku hizi sanamu yake ya shaba imesimama darajani, amevua kofia, kama mtu aliyerudi likizo. Nilinunua mkate nikala pembeni yake. Hakuna aliyenishangaa.

#21 Kanzu_Nyeupe

Mleta uzi, niliyetoroka nianze na kitabu gani?

#22 Mtunza_Kabati

"Unterm Rad", yaani Chini ya Gurudumu, cha 1906. Kifupi. Mle ndani amejigawa mara mbili. Kuna Hermann Heilner, mshairi, anayetoroka seminari na kupotelea duniani. Na kuna Hans Giebenrath, mtoto mtiifu aliyefaulu mtihani, anayebaki, anasoma mpaka kichwa kinagoma, anarudishwa nyumbani, anapewa tupa karakanani, na mwisho wake ni mtoni. Yule mtoro anaishi, mtiifu anakufa.

Jina Hans halikutoka hewani. Hesse alikuwa na mdogo wake Hans, mpole, aliyeteswa na shule ileile ya Kilatini ya Calw na hakutoroka. Alikuja kujiua 1935. Kitabu kilikuwa kimeshatoka karibu miaka 30. Nikifika hapo huwa nafunga ukurasa kwanza, naenda kunywa maji.

#23 Baba_Wanne

Nimesoma yote. Yule wangu wa tatu kesho namwita tukae. Sijui nitamwambia nini.

#24 Fundi_Tupa

Swali la mwisho mkuu. Ile karakana ya Perrot ilikufa?

#25 Mtunza_Kabati

Haikufa, fundi. Kwanza Hesse aliilipa fadhila: katika riwaya yake kubwa ya mwisho, "Das Glasperlenspiel" ya 1943, mtu aliyebuni ule mchezo wa shanga za kioo amempa jina Bastian Perrot wa Calw. Pili, kampuni ipo mpaka leo, palepale Calw, na inatengeneza saa za minara bado. Ile saa kubwa kuliko zote juu ya mnara wa Makka, yenye uso wa mita 43, mitambo yake ni ya kwao.

#26 Mama_Halima

Subhanallah. Mwaka niliokwenda Umra nilipotezana na wenzangu, nikakaa chini ya ile saa nikawasubiri saa mbili nzima.